Kung'oa jino na uko na presha: someni hapa kabla mniulize tena

Hili swali la mtu wa presha ajiandae vipi kung'olewa jino nimelijibu mpaka nimechoka, sasa naliandika mara moja. Mimi si daktari, ni mtoto wa mtu wa presha ambaye magego yake yamenizungusha Nairobi yote.

1. Sema mapema kuna presha. Beba pakiti za dawa zenyewe, si "ile nyeupe ndogo".

2. DAWA YA PRESHA INAMEZWA KAMA KAWAIDA, NA CHAI INANYWEWA. Hapa ndio nilichoma. Nilimtoa mathe Kayole alfajiri bila chai bila tembe, nikidhani ni kama kupimwa sukari, kufika tao lifti imekufa, tukapanda ngazi mpaka orofa ya nne, hata hajavuta pumzi nesi akamfunga mashine juu ya sweta. 194/112. Daktari akakataa hata kushika koleo, akasema ikifika 180/110 jino lingoje, presha itibiwe kwanza. Tukarudi na jino letu. Kwa hivyo ameze, ale, kahawa aache nusu saa kabla, akojoe, akae kimya dakika tano ameegemea, mkono bila sweta, ndio apimwe. Ikiwa juu wapime tena. Na akiumwa kifua ama macho yaingie giza, hiyo si ya meno tena, kimbia kasualti.

3. Ganzi nyingi ziko na adrenalini, ambayo inaweza kupandisha presha. Daktari akijua ana presha atapima kiasi. Usikatae ganzi, maumivu pia yanapandisha.

4. Kutoka kwa kiti ni polepole, asije akaanguka na kizunguzungu.

MASWALI

Baba Kevo: Kwa hivyo siku hiyo asimeze dawa?
– Namba 2. Iko kwa herufi kubwa.

Msee wa Umoja: Mimi humpa mzee brufeni jino likiuma na hajawahi kufa, mbona mnaogopesha watu
– Brufeni sikuitaja, wewe ndio umeileta. Hiyo na diklofenaki zinashikilia chumvi na maji mwilini, zinapandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa za presha kama enalapril. Sisi tuliandikiwa Panadol. Mpime mzee wako kwanza ndio urudi kunigombeza.

Nyambu: Mum anatumia amlodipine ya presha, fizi zimevimba mpaka zinafunika meno. Ni dawa kweli?
– Swali poa sana. Inaweza kuwa, amlodipine na nifedipine hukuza fizi kwa watu wengine, hasa uchafu ukikaa kati ya meno. Usimwachishe mwenyewe! Aliyemwandikia anaweza kumbadilishia, na meno yasafishwe. Mswaki laini, asiogope hata kama fizi inatoa damu kidogo.

Otis: Na junia asprini, ile ya kuzuia damu kuganda, aache siku ngapi?
– Asiache bila daktari wake. Kwa jino moja mara nyingi haiachwi, damu inazuiwa pale pale na gozi (kile kitambaa cha kidonda), ama mshono.

Mama Tuli: Maji ya chumvi ya kusukutua yatemwe jameni, shosho yangu alikuwa anameza.
– Haha, na yaanze kesho yake, si siku ya kung'olewa, damu ikishaganda usiisumbue.

Otis: Lifti ilitengenezwa?
– Wapi. Siku hizi tunatoka nyumbani nusu saa mapema, mathe anapumzika kila orofa.