Kabla hujajibu "salama" kliniki

Mama aliyejifungua ana mtego mmoja kwenye Kiswahili chake: ukimwuliza hali, jibu linatoka lenyewe. Mwanangu alipotimiza wiki 6 nilimpeleka chanjo nikiwa na usiku wa nne bila usingizi, na mtoto mwenyewe alikuwa analala vizuri tu. Akaning'inizwa kwenye mzani, akachomwa sindano, kadi ikajazwa. Nesi akauliza, "Mama, wewe unaendeleaje?" Nikasema, "Salama tu." Nikapanda daladala, nikalia mpaka Buguruni.

Ndiyo maana nasema, kama huzuni imekuelemea baada ya kujifungua, kabla hujatafuta nauli ya kwenda kliniki, tafuta sentensi. Iandike kwenye simu: silali hata mtoto akilala, chakula hakipiti, nalia bila sababu, mtoto namhudumia lakini simsikii moyoni. Chochote kilicho chako. Kisha andika imeanza lini, maana siku zina uzito hapa. Machozi ya siku ya tatu au ya nne baada ya kujifungua huwapata akina mama wengi, na huisha ndani ya wiki mbili. Yakivuka hapo, au huzuni ikianza hata miezi kadhaa baadaye, inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito (wenzetu wa Kenya huiita unyogovu). Usisubiri arobaini ipite.

Kuna hali ambayo haina maandalizi. Mama akisikia sauti wasizosikia wengine, akiamini mtoto amebadilishwa, au akipata wazo la kujiua au kumdhuru mtoto, ni hospitali usiku huohuo, na asiachwe peke yake wala na mtoto. Najua kwetu litatajwa jini kwanza. Sawa, dua isomwe, lakini isomwe ndani ya gari.

Msindikizaji mchague kwa mdomo wake. Mama yangu nampenda, ila angejibu kila swali kwa niaba yangu na kumalizia na "ni uchovu tu, daktari". Nilikwenda na wifi yangu, mtu wa maneno machache, akambeba mtoto nje nilipoingia. Uliza mapema kliniki ya afya ya akili hufanyika siku gani, maana huenda isiwe kila siku.

Beba kadi ya kliniki na kila unachotumia, hata dawa za miti shamba na njia ya uzazi wa mpango. Kama uliwahi kuugua hivi kabla ya ndoa, sema. Hiyo si siri ya kumficha daktari. Omba pia kupimwa damu, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huleta uchovu na huzuni zinazofanana na hizi.

Huenda ukapewa maswali 10 ya Edinburgh ya kupima sonona baada ya kujifungua, yanayotumika tangu 1987, yanayouliza kuhusu siku 7 zilizopita. La mwisho linauliza kama umewaza kujidhuru. Nakutajia sasa lisije likakushtua ukajibu "hapana" kwa aibu.

Dawa si lazima. Wengine hutibiwa kwa mazungumzo. Ukiandikiwa, sema kwamba unanyonyesha kabla hujatoka chumbani. Zipo zinazotumika wakati wa kunyonyesha, kama sertralini, ambayo huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana. Kumwachisha mtoto ziwa kwa uamuzi wa jirani, au kuacha dawa siku ya tano kwa kuwa "haifanyi kazi", ni kosa. Nafuu yake huchukua wiki kadhaa kuonekana.

Mimi nilirudi chanjo ya wiki 10. Nesi yuleyule, swali lilelile. Nikafungua simu, nikasoma neno kwa neno kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuniangalia kwa huruma, namshukuru kwa hilo. Aliweka kalamu, akaenda kufunga mlango, foleni ikangoja.