Kuandaa karatasi na kuanza kuchora mlango wa nakshi kwa rangi za maji

Ukitaka kuchora kitu chenye mambo mengi kama mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, usikimbilie rangi. Kazi kama hii inalowa na kukauka mara nyingi sana, sasa kama karatasi haijavutwa ikakaza itatuna mawimbi mawimbi, rangi yote inakimbilia mabondeni, na hapo zile njumu (vile vichwa vya shaba vilivyopigiliwa mlangoni) na maua madogo huwezi tena kuyapatia.

Karatasi chukua ya pamba asilimia 100, gramu 300 kwa mita ya mraba. Ile ya gramu 640 haihitaji kuvutwa ila bei yake inauma. Kwa nakshi napenda yenye uso laini, ile ya vipele ni tamu kwa mawingu na bahari lakini mstari mwembamba unakatika katika.

Kabla hujagusa maji kata tepu vipande vinne, kila kimoja kirefu kidogo kuliko upande wake, viweke mbali vikae vikavu. Namaanisha ile tepu ya karatasi ya kahawia ambayo gundi yake inaamka ukiilowanisha, ya plastiki haishiki karatasi mbichi kabisa. Loweka karatasi kwenye beseni la maji baridi kama dakika 5 hivi, usitumie ya moto maana yanaondoa ile gundi ya kiwandani inayozuia rangi isizame. Ishike kwa pembe, iache ichuruzike, ilaze kwenye plaiwudi nene, milimita 12 kwenda juu, nyembamba inapinda karatasi ikianza kujivuta. Kausha kingo kwa taulo, pitisha sponji yenye maji kidogo kwenye tepu, bandika nusu juu ya karatasi nusu juu ya ubao, kandamiza.

Alafu iache. Itatuna, usiishike, ikikauka inajikaza yenyewe. Ubao ulale, ukiusimamisha maji yanashuka upande mmoja na tepu ya huko inaachia. Usianike juani wala usiwashe draya ya nywele, kingo zikiwahi kukauka kabla ya katikati tepu inang'oka. Sisi wa pwani unyevu mwingi, we lala mpaka asubuhi. Iguse kwa mgongo wa mkono, ukisikia baridi bado mbichi.

Mchoro fanyia kwenye karatasi nyingine, ufutefute huko huko, maana raba inachubua uso na sehemu iliyochubuka inakunywa rangi inatoa doa jeusi. Ukiridhika unakili kwenye karatasi ya kupenyesha mwanga, paka penseli nyuma yake, ilaze juu ya ile uliyoivuta na upitie mistari taratibu. Ukikandamiza sana unachimba mifereji na rangi itatuama humo. Anza na mfaa, ile nguzo ya katikati, ukae wima kabisa, kisha fremu, kisha safu za njumu, nakshi mwisho. Mfaa ukilala kidogo tu mlango mzima unaonekana unaanguka.

Sasa nyeupe. Kwenye rangi za maji nyeupe yako ni karatasi yenyewe, kwa hiyo ule mng'ao juu ya kila njumu lazima uuzibe mapema kwa ule utomvu wa mpira wa kuzuia rangi. Tumia brashi kuukuu, ichovye kwanza kwenye sabuni ya maji la sivyo imekufa hiyo. Na usiuache siku nyingi, joto la huku linaufanya ung'ang'anie na ukiubandua unatoka na karatasi.

Ukikauka, changanya manjano ya udongo na bant siena (ile kahawia yenye wekundu) kidogo, maji mengi, brashi kubwa, pitisha mlango wote kwa mkupuo mmoja juu kwenda chini ubao ukiwa umeinama kidogo. Usirudi nyuma kurekebisha, ukigusa palipoanza kukauka unapata mabaka.

Ikikauka kabisa ingia kwenye vivuli, na hapa ndo mlango unaanza kutoka nje ya karatasi. Usitumie nyeusi ya tyubu, inaua mbao, changanya bluu ya altramarini na bant siena upate giza lenye uhai. Amua jua linatokea wapi na usibadilishe, kama ni la saa tatu asubuhi kutoka kushoto basi kila njumu kivuli chake kinaangukia kulia, zote, hata zile za chini kabisa ambazo mkono umeshachoka. Maliza vivuli vya mlango mzima kwanza ndo uchukue brashi namba 2 uingie kwenye maua.