Kabla Hujalipa Ada ya Udereva wa Lori: Mambo ya Kukagua Ukiwa Tabora au Kigoma

Nenda kwenye chuo cha udereva saa 1 asubuhi, kabla gari halijatoka, bila kutoa taarifa. Simama pembeni uangalie lori linavyoandaliwa, maana nusu saa hiyo itakuonyesha mengi ambayo hutayapata ukikaa ofisini na mtu wa usajili.

Mwalimu anayejua kazi yake huanzia chini. Anazunguka gari na wanafunzi, anagusa nati za magurudumu kuona kama kuna iliyolegea au yenye mstari wa kutu unaotiririka, na anaangalia tairi za ndani, si za nje tu. Kisha anainama kwenye matangi ya upepo wa breki na kuvuta kipete cha kutolea maji. Tazama kinachotoka. Maji kidogo ni kawaida, kwa sababu hewa ikibanwa unyevu wake hugeuka maji. Yakitoka mengi, basi tangi halijafunguliwa siku nyingi. Yakitoka meupe kama maziwa au yenye mafuta, kompresa inapitisha oili, na oili hiyo inakwenda kuharibu mipira ya valvu za breki.

Baada ya hapo injini inawashwa upepo ujae hadi kama bar 8, yaani karibu psi 120 (bar na psi ni vipimo vya mgandamizo wa upepo). Injini ikizimwa na pedali ya breki ikakanyagwa na kushikiliwa, mshale wa geji usishuke zaidi ya psi 4 kwa dakika moja kwa gari lenye tela, au psi 3 kwa lori lisilo na tela. Ukikanyaga na kuachia mara nyingi upepo uishe, king'ora au taa ya onyo lazima iwake kabla ya kufika psi 60. Gari la kufundishia ambalo king'ora chake kimekatwa waya "kwa sababu kinapiga kelele" likukimbize siku hiyohiyo. Chuo kinachofanya hivyo kinamfundisha mwanafunzi kupuuza onyo pekee analopewa kabla breki za dharura hazijajifunga katikati ya barabara.

Sasa angalia ni lori gani. Vyuo vingi vina Fuso au Canter moja, na kwa kuanzia si vibaya. Lakini magari madogo ya aina hiyo mengi yana breki za mafuta na gia tano au sita, na ukitoka hapo kwenda kwenye semi (kichwa kinachovuta tela) ya Scania au Howo unakutana na breki za upepo, gia za lo na hai (za chini na za juu), na tela inayokwenda kinyume na usukani unaporudi nyuma. Kama lengo lako ni semi, uliza moja kwa moja: tela ipo? Inatembea, au imeegeshwa kwenye matofali? Mwombe mwalimu akuonyeshe kufunga kichwa na tela. Akimaliza, aingie chini na tochi athibitishe kwamba taya za kufuli zimeshika pini ya tela, aunganishe mipira ya upepo na waya za taa, kisha, breki za tela zikiwa zimefungwa, aweke gia ndogo na kuvuta taratibu kidogo kupima kama imeshika. Miguu ya tela inapandishwa baada ya hapo. Anayepandisha miguu kwanza, siku kufuli haikushika vizuri tela itaanguka kifudifudi na mipira itakatika.

Jambo ambalo tungependa ulishike kuliko yote ni muda wako wa kushika usukani. Ukisikia "kozi ya wiki nne", usikubali hadi umefanya hesabu. Tuseme gari linatoka siku 20, saa 5 kwa siku: hizo ni saa 100. Wanafunzi wakiwa 20 na lori ni moja, kila mmoja anapata saa 5 kwa kozi nzima. Muda wote uliobaki unakaa nyuma unaangalia kisogo cha mwenzako. Saa 5 hazitoshi hata mguu kuzoea klachi ya lori. Chuo kingine chenye lori moja na wanafunzi 6 kitakupa zaidi ya saa 16. Kama cha kwanza kinatoza 300,000 na cha pili 600,000, saa moja kwa cha kwanza inakugharimu 60,000, na kwa cha pili haifiki 38,000. Kile kilichoonekana rahisi ndicho ghali. Omba kuona daftari la zamu za mazoezi la kundi lililotangulia. Chuo makini kinaandika nani aliendesha, lini, na muda gani, na mwanafunzi anatia saini.

Uliza pia dizeli ni ya nani. Hapa ndipo kozi nyingi zinapokwama: ada imelipwa, mwalimu yupo, lori lipo, lakini tangi ni tupu, na wanafunzi wanaanza kuchangishana.

Kuhusu njia za mazoezi, kuzunguka uwanja wa mpira ni sawa kwa siku tatu za mwanzo. Baada ya hapo unahitaji barabara. Ukiwa Tabora, njia ya Urambo na Kaliua inakupa lami na vilevile barabara za vumbi za kwenda kwenye maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), ambako mvua ikinyesha ukingo wa barabara unalainika na lori linaloegea pembeni linazama upande mmoja. Ukiwa Kigoma, kuna njia ya Uvinza na ile ya Kasulu. Uliza kama mnatoka na mzigo, kwa sababu lori tupu na lori lenye mzigo ni kama magari mawili tofauti. Chumvi ya Uvinza ni nzito na inakaa chini, inafika uzito halali kabla bodi haijajaa. Marobota ya tumbaku yanapanda juu na kulifanya gari liyumbe kwenye kona. Dereva aliyejifunza na bodi tupu hajui lolote kati ya hayo mawili.

Mteremko nao ufundishwe kwa vitendo. Kazi za Tabora zitakupitisha Nzega na Igunga hadi mlima Sekenke, na ukirudi kutoka Singida unaushuka ukielekea Shelui. Muulize mwalimu anashukaje. Jibu zuri ni kwamba gia inachaguliwa kabla ya kuanza kushuka, injini na breki ya egzosi (inayobana moshi wa injini) ndizo zinazoshikilia gari, na pedali inakanyagwa kwa nguvu hadi mwendo upungue kisha inaachiwa kabisa ngoma za breki zipoe. Akikujibu kwamba unakanyaga kidogo kidogo mfululizo, mshukuru na uondoke. Breki inayosuguliwa mfululizo inachemka, laini zake (bitana zinazosugua ngoma) zinapoteza mshiko, na upepo unaweza kuwa umejaa kwenye geji huku gari halisimami.

Darasani pasiwe na alama za barabarani peke yake. Dereva wa lori anapaswa kujua kusambaza mzigo kwenye ekseli (mihimili ya magurudumu), kwa kuwa mizani inapima kila ekseli na si jumla tu. Kwa sheria ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele yenye tairi mbili ni tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne ni tani 10, mbili za pamoja zenye tairi nane ni 18, tatu za pamoja ni 24, na jumla ya gari zima haizidi tani 56. Unaweza kuwa chini ya jumla na bado ukazidisha nyuma kwa sababu mzigo ulipangwa vibaya. Mwendo wa juu wa lori la zaidi ya tani 3.5 ni kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi.

Karatasi zisikuchukulie muda mrefu, ila usiziruke. Shule ya udereva inatakiwa iwe na kibali. Nenda ofisi ya mkuu wa usalama barabarani wa mkoa uulize kama jina hilo wanalo. Gari liwe na bima inayomhusu mwanafunzi, alama ya L mbele na nyuma, pembetatu na kizima moto. Ukiwa hapohapo, onyesha leseni yako ya sasa uulize kama uzoefu ulionao unakuruhusu kupanda daraja E, ambalo ndilo la malori makubwa. B ni ya magari binafsi, D ni ya magari ya biashara yasiyo makubwa. Kuna watu wanalipa kozi ya semi na kumaliza, kisha wanaambiwa waanzie D.

VETA ipo Tabora na Kigoma pia, lakini usidhani kila chuo cha VETA kina lori. Piga simu uulize, na malipo yafanyike kwa namba ya malipo ya serikali, si kwenye simu ya mtu. Kama huku hakuna tela, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha madereva wa magari makubwa. Weka kwenye hesabu nauli, chumba na chakula, kisha linganisha kwa bei ya saa moja ya usukani.

Wengi huku wanaanza kama utingo wa tajiri fulani, na hilo linafunza mengi kuhusu turubai, tairi na safari ndefu. Lakini usukani utapewa usiku, dereva akichoka, bila leseni. Usiukubali. Tumia utingo kujifunza gari, na chuo kujifunza kuliendesha.

Anayekuahidi leseni bila kupanda gari anakuuzia kesi ya mahakamani. Lipa kwa awamu, chukua risiti kila mara, na andikianeni saa za usukani, aina ya gari, na nani anaweka dizeli. Kipengele cha kushindwa mtihani wa polisi kiwemo pia: gari la kurudia linatoka kwa nani, kwa bei gani, na unapata saa ngapi za mazoezi kabla ya kurudia.