Jinsi ya kuomba taarifa zako za matibabu hospitalini Nairobi, na pa kwenda ukinyimwa au zikivuja

Faili ni ya hospitali, lakini yaliyoandikwa ndani yake ni yako. Wengi tunaijua nusu ya kwanza tu kwa sababu ndiyo tunayoambiwa dirishani. Mama alikuwa akitibiwa presha na figo katika hospitali moja ya kibinafsi hapa jijini, na tulipotaka kumhamishia kwa daktari mwingine nikaenda kuomba nakala za vipimo vyake. Kijana wa rekodi alinijibu macho yakiwa kwenye simu: "Hizo hatutoi. Daktari mwenyewe aombe." Nikarudi mara tatu, mara tatu nikajibiwa hivyo hivyo. Mara ya nne nilibeba barua ya ukurasa mmoja na fotokopi yake, nikamwomba aigonge muhuri wa kupokea. Hapo ndipo alipoinua macho. Siku ya tano nikapigiwa simu nikachukue.

Nguvu ya barua hiyo inatoka wapi? Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, inaiweka hali ya afya katika kundi la taarifa nyeti, na inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje, kuziona, kupinga matumizi yake na kusahihishiwa zenye makosa. Kanuni zake za mwaka 2021 ndizo zilizoweka idadi ya siku ambazo ombi lako linapaswa kutimizwa. Sheria hiyo haichagui: inaibana hospitali kubwa ya rufaa sawasawa na kliniki ya mtaani Githurai, maabara, duka la dawa na kampuni ya bima.

Kabla ya kuandika

Jua hasa unachotaka. Ukiandika "naomba faili yangu yote", barua itazungushwa kutoka meza hadi meza kwa sababu hakuna anayejua aanzie wapi. Taja vitu na tarehe: matokeo ya maabara ya kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani, ripoti ya skani pamoja na picha zake, muhtasari wa daktari wa siku uliporuhusiwa kwenda nyumbani, orodha ya dawa ulizoandikiwa. Unaweza pia kuuliza ni nani mwingine aliyepewa taarifa zako. Swali hilo watu hulisahau, na mara nyingi ndilo lenye uhondo.

Tafuta nambari yako ya mgonjwa. Iko kwenye kadi, na kama kadi ilipotea, angalia risiti za zamani. Weka fotokopi ya kitambulisho.

Ukiombea mtu mwingine, mambo hubadilika kidogo. Mzazi au mlezi anaweza kumwombea mtoto aliye chini ya miaka 18. Mtu mzima lazima akuidhinishe, na idhini nzuri ni ya maandishi: jina lake, lako, nambari za vitambulisho, unachoruhusiwa kuchukua, na sahihi yake au kidole gumba. Kuwa mume, mke au kifungua mimba wa mgonjwa hakutoshi. Najua litawaudhi baadhi yetu, lakini fikiria siku ambayo wewe ndiye mgonjwa na shemeji yako ndiye aliye dirishani.

Barua yenyewe

Kanuni zina fomu maalumu ya ombi la kuona taarifa, inaitwa DPG 2. Mimi huijaza na kuiambatisha kwenye barua, maana fomu peke yake huwekwa chini ya rundo, ilhali barua husomwa. Unaweza kuandika kwa Kiswahili bila kuomba radhi, kwani Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Iwe hivi:

*Kwa: Afisa wa Rekodi za Matibabu*
*Tarehe:*

*KUH: OMBI LA NAKALA ZA TAARIFA ZANGU ZA MATIBABU*

*Mimi (jina kamili), mwenye kitambulisho nambari (…), mgonjwa nambari (…), nilitibiwa hapa kati ya (tarehe) na (tarehe). Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019, naomba nakala za: (orodha). Naomba pia kujua ni watu au taasisi gani zilizopewa taarifa hizi na kwa sababu gani. Kanuni za 2021 zinataka ombi hili litimizwe ndani ya siku saba na bila malipo. Mkikataa, naomba sababu kwa maandishi.*

*Sahihi, nambari ya simu.*

Hakuna haja ya kueleza unazitakia nini. Nimeona watu wakiandika aya nzima ya kujitetea, utadhani wanakopa.

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki, ya pili inagongwa muhuri wa kupokea wenye tarehe, na aliyeipokea aandike jina lake. Nakala hiyo ya pili ndiyo mali yako. Usiikubali bila tarehe. Wakikataa kugonga, tuma barua hiyo hiyo kwa baruapepe ya hospitali ukiwa bado umesimama hapo, uwaonyeshe saa iliyotumwa.

Siku saba, na hadithi ya deni

Hesabu kuanzia tarehe ya muhuri. Usipigwe chenga kwamba lazima ulipe kwanza "ada ya faili", kwa sababu kanuni zinasema kutimiza ombi la kuona taarifa ni bure. Kama bado una bili, jibu kwa upole kwamba deni lina njia zake za kudaiwa, nawe hujaomba kufutiwa.

Ukipewa, zisome palepale kabla ya kutoka getini. Jijini hapa kina Wanjiku na kina Otieno ni wengi, na karatasi za mmoja hujikuta kwenye faili ya mwingine. Katika faili ya mama tulikuta pameandikwa kwamba anavuta sigara. Mama huyu hata moshi wa jikoni unamkohoza! Pengine mtu aliweka alama kwenye kisanduku kisicho chake, basi. Lakini kampuni ya bima ingelisoma vingine kabisa. Kwa kosa la namna hiyo unaandika ombi la pili, la kusahihisha, kwa fomu DPG 3, ukiambatisha ushahidi ulio nao. Wana siku 14.

Kusahihisha si kubadilisha maoni ya daktari kwa sababu hukuyapenda. Na usipoteze muda kuomba historia yako yote ya matibabu ifutwe, maana hospitali ina sababu za kisheria za kuitunza. Kinachofaa kufutwa ni vitu kama picha yako waliyoweka kwenye ukurasa wao wa Facebook, au nambari yako wanayoitumia kukutumia matangazo ya ofa za uchunguzi. Kwa hayo hata idhini uliyotoa mwanzo unaweza kuiondoa wakati wowote.

Zikivuja

Niliwahi kununua njugu stejini, nikala, na kilichobaki mkononi ni karatasi ya maabara ya mtu: jina, umri, kipimo cha mkojo. Uvujaji wa Nairobi mara nyingi huwa wa hivyo, bila mdukuzi yeyote. Ni muuguzi anayeita majina na maradhi yao kwenye benchi, ni picha ya mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp, ni jirani aliyeajiriwa kwenye mapokezi.

Sheria ya Afya ya 2017 inataka taarifa zako ziwe siri, isipokuwa umekubali kwa maandishi, mahakama au sheria imeamuru, au kunyamaza kwenyewe kunahatarisha afya ya umma. Nje ya hapo, aliyezitoa ana kesi ya kujibu. Kusanya ushahidi kabla ya kugombana: skrinshoti zenye tarehe, jina la kundi, majina ya waliosikia. Kisha iandikie hospitali uulize kilichotokea. Wakigundua uvujaji unaoweza kumdhuru mtu, wanatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data, msimamizi wa Sheria ya Kulinda Data, ndani ya saa 72.

Kulalamika kwa Kamishna

Ukinyimwa, ukipuuzwa, au taarifa zikivuja, peleka malalamiko katika Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Iko Britam Tower, Hospital Road, Upper Hill, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Wasiotaka kupanda huko hutumia tovuti ya odpc.go.ke. Fomu ni DPC 1, haina malipo, na asiyeweza kuandika anaweza kueleza kwa mdomo. Ambatisha ile nakala yenye muhuri.

Eleza kwa mpangilio wa tarehe: nini kilitokea, lini, ulimwandikia nani, ulijibiwa nini, unataka nini. Hilo la mwisho lisikosekane. "Nataka haki" ni maneno matamu, lakini "nataka nakala za ripoti tatu zifuatazo, na picha iondolewe" ndiyo yanayotekelezeka. Mlalamikiwa hupewa siku 21 kujibu, na uamuzi unatakiwa utoke ndani ya siku 90. Mnaweza pia kupatanishwa, na kama shida ni karatasi tu, mimi ningekubali upatanisho.

Kamishna anaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Meno yapo: mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Faini si yako, lakini sheria inaruhusu fidia pia, hata kwa machungu yasiyokugharimu shilingi. Usiporidhika, kuna Mahakama Kuu.

Kosa likiwa la daktari mwenyewe, baraza la madaktari, KMPDC, nalo hupokea malalamiko. Habari za virusi vya ukimwi zina sheria yake ya mwaka 2006 na baraza lake la kesi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliambia hata serikali kwamba haikuwa halali kukusanya orodha ya majina ya watoto wa shule wanaoishi na virusi.

Kazini na SHA

Mwajiri anayetoa likizo ya ugonjwa ana haki ya cheti cha daktari kinachosema huwezi kufanya kazi kwa siku kadhaa. Mwambie daktari aandike siku bila kutaja ugonjwa. Wengi hukubali ukiomba kabla hajashika kalamu.

Na kama ulisajiliwa SHA, yaani bima ya afya ya serikali, na mtu mwingine, hakikisha nambari ya simu iliyo kwenye akaunti ni yako, maana ujumbe wa kuthibitisha unakwenda huko. Ya mama ilikuwa ya kijana wa saiba pale mtaani. Wiki hiyo hiyo tulienda kuibadilisha.