Ukipata usiku mmoja Sutherland, uupange hivi

Kila ndugu anayenitembelea hapa Cape Town hutaka kwanza kupanda Table Mountain. Namwambia mlima hauhami. Tuangalie kwanza mwezi umefika wapi. Taasisi ya falaki ya taifa la Afrika Kusini, SAAO, ina makao makuu hapa mjini, ila darubini zake kubwa ziko Sutherland, yapata kilomita 370 kutoka hapa, kwenye nyanda kame za Karoo ambako taa za miji hazifiki.

Usiende mwezi ukiwa mpevu, mbalamwezi itakufutia nyota. Lenga siku mwezi unapoandama. Kisha weka nafasi kwenye tovuti ya SAAO kabla hujalipia gari wala chumba, na uchukue ziara zote mbili, ya mchana na ya usiku. Wengi huchukua ya usiku tu wakidhani watachungulia kwenye SALT, darubini kubwa kuliko zote huko. Hakuna anayechungulia humo: watafiti wako kazini, na mwanga wake huenda kwenye vyombo vya kupimia. Wageni wana darubini zao. SALT, iliyozinduliwa 2005, utaiona mchana. Kioo chake ni vipande 91 vya pembe sita vilivyopangwa kama sega la nyuki, jumla upana wa mita 11 kwa 10 hivi. Usipite haraka hapo.

Jaza tangi kabla ya kuiacha barabara kuu ya N1 pale Matjiesfontein. Mbele yako kuna zaidi ya kilomita 100 za barabara ya R354 zisizo na kituo cha mafuta. Fika jua halijachwa, maana giza likiingia wanyama hukatiza barabara. Chumba chukua mjini Sutherland, kilimani penye darubini wageni hawalali.

Sasa baridi. Mtu wa Dar akiambiwa kuna baridi hubeba sweta moja. Juni hadi Agosti maji huganda usiku huko, nawe utasimama nje. Vaa suruali mbili, soksi nzito, glavu na kofia ya kuziba masikio, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Ila usiikimbie miezi hiyo: ndipo kitovu cha Njia Nyeupe, galaksi yetu, hupita juu ya utosi.

Simu zima kabisa. Macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, na kuichungulia simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo. Ikifika zamu yako, mwombe mwongozaji Alpha Centauri. Kwa macho ni nyota moja, kwenye darubini zinatengana mbili, kila moja na mng'aro wake. Mwanafalaki Thomas Henderson aliipima nyota hiyo hapa Cape Town mwaka 1832 na 1833, kwenye kituo kilekile ambacho leo ni makao makuu ya SAAO, na vipimo vyake ndivyo vilivyotoa umbali wa nyota hiyo kutoka kwetu. Mimi sichoki kuitazama. Halafu omba Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota zilizosongamana. Ukija Desemba, omba Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani zetu, na Kilimia utakiona mwenyewe upande wa kaskazini.

Kama safari ni ndefu kwako au una watoto wadogo, makao makuu ya Cape Town hufungulia umma baadhi ya Jumamosi jioni. Taa za mji zinapunguza utamu, lakini pete za Zohali na miezi ya Mshtarii huonekana vizuri sana. Mpe mtoto nafasi ya kwanza kwenye darubini, na usimharakishe.