Jinsi ya kujifunza potreti kwa projekti: anza na dirisha moja na mtu mmoja

Wadau za leo. Hii ya potreti, yaani picha ya sura ya mtu, naandika kwa ajili ya madenti hasa, wale wanaosoma mambo ya habari au sanaa na hata wale wanaosoma uhasibu lakini roho yao iko kwenye kamera. Kila mara naulizwa ninunue kamera gani, na mi swali langu huwa moja tu, mtu wako wa karibu kabisa, mama, shangazi, mwenzako mnaelala naye chumba kimoja hosteli, umeshampiga picha ngapi akiwa ametulia? Wengi hawana hata moja. Wana picha elfu mbili kwenye simu ila hakuna sura waliyokaa nayo nusu saa wakaiangalia vizuri.

Nimekaa na vijana wa chuo hapa Dar kila Jumamosi asubuhi kwa miaka kadhaa sasa na naona jambo lile lile linajirudia, anayekesha na video za YouTube anajua majina ya vitu vyote, lakini anayepewa kazi ndogo yenye mipaka, mtu mmoja, sehemu moja, wiki moja, huyo ndo anaanza kupiga picha ambazo watu wanasimama kuziangalia.

Vifaa nisiwachoshe. Simu yoyote ambayo ukigusa skrini inakubali kuweka fokasi, yaani pale unapotaka picha iwe kali, inatosha. Ukiwa na kamera tafuta lenzi ya 50mm f/1.8, ile isiyo na zuum na inayoingiza mwanga mwingi, hata kama ni ya mtumba. Kitu kimoja tu ushike, usimsogelee mtu na lenzi pana ya simu mpaka umguse, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi nyuma mita moja na nusu au mbili halafu tumia zuum ya 2x.

Projekti ya kwanza ni dirisha, na hapa usiwe na haraka maana karibu kila kitu cha potreti kimo humu. Chagua dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, kama linaingia tundika shuka jeupe au pazia jepesi mwanga ulainike. Zima taa zote za ndani, zile balbu za njano zikichanganyika na mwanga wa nje shavu moja linakuwa chungwa lingine bluu. Mtu wako akae hatua moja kutoka dirishani, ubavu wake uelekee dirisha, kisha mwambie ageuze uso pole pole kuelekea mwanga na we usipige kwanza, angalia kivuli cha pua tu. Mwanzo upande wa pili wote uko gizani, akigeuka mwanga utaanza kugusa shavu lile, na kivuli cha pua kikiwa bado kimeungana na kivuli cha shavu lenyewe, chini ya jicho utaona pembetatu ndogo ya mwanga. Mwambie asimame hapo hapo. Mtindo huo unaitwa Rembrandt, kwa jina la yule mchoraji wa Uholanzi wa miaka ya 1600, na mara ya kwanza mwanafunzi akiiona ile pembetatu kwa macho yake mwenyewe bila kufundishwa kwenye skrini, huwa haisahau tena.

Sasa angalia machoni. Ndani ya mboni unatakiwa uone kidirisha kidogo cheupe. Kama hakipo macho yanaonekana yamelala, mwambie ainue kidevu kidogo au arudi nyuma hatua nusu ili dirisha liwe mbele yake kidogo. Upande wenye giza ukiwa mzito sana weka manila nyeupe au shuka kwenye kiti karibu na shavu, mwanga utarudi. Piga picha 24 basi, zisizidi, kama enzi za filamu. Ukijua zimebaki nne utangoja mtu apumue, ashushe mabega, asahau kwamba kuna kamera.

Na hapa niseme la ngozi kwa sababu linaniuma. Kamera inapima mwanga kwa kuwastanisha vitu vyote, kwahiyo mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe anatoka giza tupu, mbele ya ukuta mweusi anapauka kama kapakwa majivu. Gusa uso kwenye skrini halafu pandisha au shusha ule mwanga kwa kidole mpaka ngozi ifanane na unavyoiona kwa macho. Zima filta zote za urembo. Ngozi yetu uzuri wake uko kwenye mng'ao, ule mwanga mpana wa pembeni unavyoteleza juu ya shavu na paji la uso, mafuta kidogo ya kupaka yanasaidia, jasho futa kwa tishu. Mtu akikuomba umng'arishe awe mweupe mwoneshe kwanza picha iliyopigwa vizuri ya rangi yake mwenyewe, mara nyingi haombi tena.

Projekti ya pili ni mtu na kazi yake. Kuna binti mmoja kwenye kundi letu alichagua fundi cherehani, mzee wa makamo ya babu yake, anashona kwenye kibaraza. Siku ya kwanza alikwenda na kamera shingoni akaanza kupiga, mzee akakaza uso kama anapigwa pasipoti saizi, picha zote hovyo. Nikamwambia rudi bila kamera. Akarudi, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, akapewa kigoda, akapeleka suruali yake ipunguzwe, akakaa saa nzima anaangalia. Akagundua kwamba kila babu anapotaka kutunga uzi kwenye sindano anapandisha miwani kwenye paji la uso, anageukia barabarani kufuata mwanga na anabana midomo. Inachukua kama sekunde tano. Siku ya tatu akaomba ruhusa, akakaa upande wa barabarani, akangoja uzi ukatike. Picha aliyoleta ina sindano, vidole vyenye chaki ya bluu na jicho moja limefumba nusu, na uso wote umewaka kwa sababu mzee mwenyewe alikuwa anautafuta mwanga.

Kwahiyo fanya hivyo hivyo, nenda mara tatu. Saa za kupiga nje ni asubuhi kabla ya saa tatu au jioni kuanzia saa kumi na moja, jua la mchana wa Dar liko utosini na macho ya mtu yanageuka mashimo. Ukilazimika mchana muweke barazani kwenye kivuli auangalie uwazi. Chini ya mwembe ni mtego, vile vidoti vya jua vinavyopenya kwenye majani vinamwachia mtu madoa usoni.

Projekti ya tatu ndo ya ubunifu, tengeneza studio ya shuka. Mpiga picha Seydou Keïta alipofungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948 bakgraundi yake ya kwanza ilikuwa shuka la kitanda chake, na alipiga kwa mwanga wa uani. Mwenzake Samuel Fosso alifungua yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13, na filamu ikibaki na picha mbili tatu anajipiga mwenyewe ampelekee bibi yake Nigeria, ndo kazi zilizompa jina duniani. Na kwetu pwani, Capital Art Studio pale Mji Mkongwe Zanzibar ilianza 1930, na Lamu miaka ya 1960 Omar Said Bakor alikuwa anakata picha kwa mkasi na kuziunganisha wakati kompyuta hakuna anayeijua. Tundika kanga ukutani, chagua kwa makusudi ile yenye jina linalomhusu unayempiga, mwache aje na kitu anachokipenda, redio, mpira, kofia ya marehemu babu, amua naye atakaaje. Kisha jipige na wewe, usikwepe, utajua inavyokuwa kukaa mbele ya lenzi.

Umeme ukikatika usiku jaribu ya nne, kuchora kwa kitochi. Kamera juu ya stuli, ISO 100 (wepesi wa kamera kushika mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata, yaani muda lenzi inabaki wazi, sekunde 10, na fokasi uiweke kwa mkono. Mulika uso sekunde moja mbili kutoka pembeni, zima, halafu pita nyuma ya mtu, washa tena uchore hewani, we uvae nguo nyeusi.

Mwisho wa kila projekti chagua picha tano tu na kaeni pamoja. Mwenye picha anyamaze, wengine waseme jicho lao limeenda wapi kwanza. Inauma wiki za mwanzo. Halafu safisha mbili za ile bora, moja yako moja ya mwenye sura, nyuma andika kwa penseli jina lake, mahali na tarehe, na umpelekee mkononi kabla hujaipost popote.