ANSI, ISO au JIS: amua umbo la kibodi kabla hujalipia

ANSI, ISO na JIS ni maumbo matatu ya kibodi: la Kimarekani, la Kiulaya na la Kijapani. Kibodi haitumi herufi. Ukibonyeza kitufe, inatuma namba ya kitufe hicho, na kompyuta ndiyo inayoamua itoke Q au A. Kwa hiyo herufi zilizochapwa juu ya vifuniko vya vitufe zisikuumize kichwa mapema. Kinachokufunga ni matundu ya bamba linaloshikilia swichi (kile kipande kilicho chini ya kila kifuniko) na ya bodi ya saketi.

Hatua ya 1: Tambua umbo ulilozoea. Tazama Enter. Ikiwa imelala kwenye safu moja na Shift ya kushoto ni ndefu, hiyo ni ANSI. Ikiwa imesimama safu mbili, na kuna kitufe kilichojipenyeza kati ya Shift fupi na Z, ni ISO. JIS ya Kijapani nayo ina Enter ya kusimama, ila spesi yake ni fupi, imebanwa na vitufe vya kubadili mwandiko. Kibodi kamili huwa na vitufe 104, 105 na 109, kwa mfuatano huo.

Hatua ya 2: Je, kitufe cha ziada unakihitaji? Anayeandika Kijerumani au Kifaransa huweka hapo alama za < na >. Kiswahili hakina herufi ya ziada, na Enter ya ANSI iko karibu zaidi na kidole kidogo. Kama hujazoea ISO, nunua ANSI.

Hatua ya 3: Soma maelezo ya bodi. Bodi ya soketi, ile ya kuchomeka swichi bila kulehemu, kwa kawaida hukubali umbo moja tu, kwa sababu soketi mbili haziwezi kupandana. Bodi ya kulehemu mara nyingi ina matundu ya ANSI na ya ISO pamoja. Usishangilie bado: bamba likikatwa kwa ANSI tu, matundu ya ISO hayana faida.

Hatua ya 4: Hesabu vifuniko. Hapa ndipo pesa hupotea. Kipimo ni u. 1u ni milimita 19.05 kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake.

- ANSI: Enter 2.25u, Shift ya kushoto 2.25u, kitufe cha \ 1.5u.
- ISO: Enter ya kusimama, Shift ya kushoto 1.25u, na vitufe viwili vya 1u, kimoja kando ya Z, kingine kando ya Enter.

Seti ya msingi ya vifuniko mara nyingi ni ya ANSI, na nyongeza ya ISO huuzwa peke yake. Enter ya ISO haina mbadala. Pima pia safu ya chini: spesi ya 6.25u haikai penye 7u, na kibodi ndogo nyingi hutaka Shift ya kulia ya 1.75u.

Hatua ya 5: Weka lugha ya kibodi kwenye kompyuta. Bonyeza Shift na 2. Mpangilio wa Marekani hutoa @, wa Uingereza hutoa ". Ikitoka usiyoitarajia, rekebisha mpangilio. Usirudishe kibodi dukani. Kwenye Windows epuka United States-International: ritifaa (') husubiri herufi inayofuata, na ng'ombe anageuka "ngómbe". Ukilazimika kuutumia, bonyeza spesi baada ya ritifaa.